Mwaka wa Bwana Hando

Nilifika Pwani ya Kusini nikinuka mbuzi. Nilikuwa nimetoka Isiolo juu ya lori lililopeleka mbuzi kichinjioni Mombasa, na kwa siku tatu nililala nimeegemea mbavu zao, nikiamshwa na kwato kila gari lilipokanyaga shimo. Isiolo nilikuwa nimefuata kazi ambayo, nilipofika, hapakuwa na mtu aliyeisikia. Mtito Andei lori likaharibika, tukashinda kutwa nzima juani, dereva chali chini ya injini, utingo akiwanywesha mbuzi kwa debe, mimi nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya shati, kama mtu aliyebeba hirizi. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Akauliza kutoka kule chini, "Wewe msomi, Kiingereza wakijua?" Nikamwambia nakijua. "Basi usihangaike Mombasa. Vuka Likoni, nenda Diani. Kuna mzungu atafuta mtu wa kumsemea na Waduruma akienda kuwinda. Ila avaa sketi." Nikadhani ananidhihaki. "Sketi?" "Sketi, wallahi. Ya mikunjo, kama ya mwanafunzi. Na soksi mpaka magotini." Alfajiri ya siku ya nne nilivuka kivuko, nikapanda gari la matofali ya mawe hadi Ukunda, na kutoka hapo nikatembea kwa miguu mpaka kwenye lango. Bawabu alinusa kwanza, kisha akanijibu salamu.

Ningekuwa nimeusahau mwaka ule, au ningekuwa najidanganya kwamba nimeusahau, kama si Bi Mwanasha. Mwezi uliopita nilikuwa napitia Msambweni, nikanunua mahamri na mbaazi kwa mama mmoja anayeuzia karibu na hospitali, na alipoinua uso nikamtambua mpishi wa nyumba ile. "Shikamoo, Bi Mwanasha." Alinitazama kitambo. "Marahaba. Ni wewe? Bado wazunguka tu, mwanangu, kama mbwa asiye na kwao?" Tukacheka. Akanitilia mbaazi zaidi, kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuuzia, "Nyamawi amefariki. Hukupata habari?" Sikupata. Ni nani angeniletea habari mimi, ambaye nikifika miaka miwili mahali pamoja huanza kuuza godoro? Nilikula mahamri yale nikiwa nimesimama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kichwani katika nyumba ile ya Diani, na kila nikirudi namkuta mwenyewe amesimama sebuleni na magoti yake wazi.

Jina lake halisi silitaji. Sisi tulimwita Bwana Hando, na nitaeleza kwa nini. Alikuwa na nyumba kubwa ufuoni, na ndani ya nyumba hiyo, Diani, ambako hata mwezi wa saba mtu hulala na shuka moja, alikuwa amejenga meko ya ukutani ya kuotea moto. Wageni wakija, madirisha hufungwa, magogo ya mvinje huwashwa, nao hukaa kulizunguka jiko lile wakitokwa jasho na kusifu joto lake. Kutani kulikuwa na vichwa vya wanyama wenye pembe za matawi, wasiopatikana bara hili, alivyovinunua vikiwa tayari vimekufa na kukaushwa. Yeye mwenyewe alisema ni mtu wa ukoo mkubwa wa milima ya Uskochi, na kwamba wanaume wa ukoo wake hawawindi ila katika vazi la mababu: kile kisketi cha sufu ya miraba, kifuko cha manyoya kinachoning'inia mbele, soksi nene za sufu, na kisu kidogo kilichochomekwa ndani ya soksi ya kulia, ambacho kwa mwaka mzima nilikiona kikitumika mara moja tu, kumenyea embe. Kuwinda wanyama wa miguu minne kulikuwa kumepigwa marufuku tangu kabla sijazaliwa. Kilichobaki kilikuwa ndege, kwa kibali: kanga na kwale. Mtu huyu alijifunga vazi zima la vita kwenda kumpiga kwale.

Chakula nacho kilikuwa cha mababu. Bi Mwanasha alifunzwa kupika uji wa chumvi usio na sukari, na siku za karamu alijaza tumbo la kondoo kwa maini, mapafu na shayiri, akalishona na kulichemsha. Tumbo lile liliingizwa mezani juu ya sinia, wageni wakasimama, na Bwana Hando akalisomea mashairi akiwa amelielekezea kisu. Bi Mwanasha alichungulia kwenye upenyo wa mlango. "Astaghfirullahi," alininong'oneza. "Sisi twasema bismillahi, twamaliza. Hawa walihutubia tumbo." Kisha akarudi jikoni kukaanga samaki wetu, nasi tukala kwenye mkeka wa ukili nyuma ya nyumba, wali wa nazi na mchicha, na upepo wa bahari ukipita bila kumwomba mtu ruhusa. Chumba changu kilikuwa stoo ya zamani, nikilala katikati ya makasia yaliyovunjika na sanduku la marisau ya bunduki. Sijawahi kulala chumba nilichokipenda zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona nimefika.

Uwindaji wenyewe ulikuwa mbali na bahari, kupita Kwale mjini, kupita Kinango, kwenye nyika kavu ya vichaka na udongo mwekundu. Huko ndiko alikokaa Nyamawi, Mduruma wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye suruali ya kaki iliyotiwa viraka kwa ustadi. Yeye ndiye aliyeongoza. Alisema tuanzie wapi, upepo uko wapi, wakurupushaji wapite upande gani ili ndege waruke kuelekea kwenye bunduki, na mahali gani tusipite hata tukilipwa. Bwana Hando alimsifu kwa wageni kama mtu anavyosifu mbwa aliyezaliwa nyumbani. "Macho yake yashinda darubini yangu," alisema, nami nikatafsiri, na Nyamawi akatikisa kichwa bila kucheka.

Mwezi wa kwanza nilidhani Nyamawi ananipima. "Bwana mdogo, kwenye ule mti mkavu pana nini?" Namwambia, mwewe. "Na chini yake?" Nyasi zinatikisika, mzee. "Zatikisika moja moja au zote?" Moja moja. "Ni kanga. Waambie wazunguke." Alikuwa sahihi kila mara, nami nikajivuna kwa kufaulu mtihani. Kisha siku moja tukiwa wawili tu njiani, alilisalimu gunia la makaa lililosimamishwa kando ya njia. Alilisalimu kwa adabu zote, akaliulizia habari za nyumbani na za mifugo. Nilicheka mpaka nikashika magoti. Yeye alisimama akanisubiri.

"Cheka umalize," alisema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee. Niwie radhi."

"Naona mwanga na giza, na mtu akisogea karibu namwona kama moshi. Hakuna ajuaye, hata mke wangu. Siku watu watakaposema Nyamawi haoni, nitashikwa mkono kupelekwa chooni. Mimi nataka kwenda mwenyewe. Wanisikia?"

Nilimsikia. Tangu hapo tulikuwa mtu mmoja: mimi macho, yeye akili. Tulizoea hata hatukuhitaji maneno mengi. Nikikohoa mara moja anajua pana kisiki, mara mbili pana mtu. Wageni walipiga ndege wao, wakapiga picha, wakaondoka wakimsimulia mzee wa porini mwenye macho ya kipanga, na sisi wawili tukarudi nyuma ya gari tukiwa tumekaa juu ya kanga waliokufa, tukiwacheka. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikuwa na kisingizio. Sikuwa mjinga, wala sikuwa adui yake.

Mwisho wa kiangazi Bwana Hando alitangaza kwamba wanakuja wageni wanane wa chama cha koo zao, na kwamba safari hii wote, hata sisi, tutavaa. Alikuwa amempelekea fundi wa Ukunda kisketi chake kimoja kuwa kielelezo, na fundi akashona sita kwa kitambaa cha mablanketi mekundu ya miraba. Tulivipimia uani. Sasa mtu wa bara asinielewe vibaya: mwanamume wa Pwani hana ugomvi na nguo ya kujifunga. Kikoi tunashinda nacho kutwa, tunakwenda nacho sokoni na msikitini, na hakuna aliyewahi kutukosea heshima. Lakini kikoi hakina mikunjo. Nyamawi alikishika kile cha kwake, akakipapasa polepole kwa vidole, mkunjo baada ya mkunjo, kuzunguka kiuno chote. "Hii ni hando," alisema.

Hando ni vazi la wanawake wa Kimijikenda, la kitambaa cha marekani nyeupe kilichokunjwa mikunjo mingi na kusimama kiunoni, na mama wa Nyamawi alilivaa maisha yake yote. "La mamangu lilikuwa na mikunjo mingi kuliko hii," akaendelea, "na lilishonwa kwa utulivu. Mwambie bwana namshukuru. Mimi n'na suruali."

"Mwambie ni vazi la mashujaa," alisema Bwana Hando.

"Basi mashujaa wavae."

Wakurupushaji wakaangua kicheko, na jina likazaliwa pale pale. Hata hivyo wanne kati yao walivaa, kwa sababu kazi ni kazi, wakafunga vikoi chini yake kwa stara. Mimi nilivaa bila kikoi. Nilisimama mbele ya kioo cha sebuleni, na soksi, na kifuko cha ngozi ya mbuzi, na Bwana Hando akanipiga bega akasema kwamba mimi nina mwendo wa kiongozi. Neno hilo lilinishuka tumboni kama chai ya moto. Bi Mwanasha aliniona nikitoka. "Mashallah," alisema. "Mchumba keshapatikana?"

Wageni walifika, mapaja meupe kumi na manne yakishuka kwenye magari. Mmoja tu alikuja na suruali, mzee mwenye masikio makubwa, na yeye, kama nilivyogundua usiku wa karamu nikiwa nimesimama na sinia nyuma ya viti, ndiye pekee kati yao aliyezaliwa huko milimani kwenyewe. Wengine walikuwa wauza bima na wauza matairi kutoka miji ya tambarare. Mzee alimwuliza Bwana Hando, kwa upole, ukoo wake ulitoka kijiji gani. Bwana Hando akataja jina refu. Mzee akatafuna, akameza. "Jina hilo nalijua," alisema. "Liko kwenye chupa." Kisha akaongeza kwamba baba yake alichunga ndege wa tajiri mmoja kwa miaka thelathini, na hakuwahi kumwona mtu mwenye akili akiingia kwenye miiba na magoti wazi. Nguo hii, alisema, ni ya harusi. Bwana Hando alicheka kwa sauti kubwa akaagiza magogo zaidi. Nilisikia kila neno. Nilijua tangu dakika ile kwamba ninamtumikia mtu aliyejizulia babu zake kutoka kwenye lebo ya pombe, na bado nilichotaka zaidi duniani ni anipige bega tena. Nikimdharau yeye leo, na namdharau sana, inanibidi niache dharau kiasi kwa ajili ya huyo kijana mwenye sinia.

Siku ya kwanza ya uwindaji tulipumzikia nyumbani kwa Nyamawi, maana palikuwa karibu. Mkewe, Mbeyu, mwanamke mfupi asiye na maneno, alitandika majamvi chini ya upenu, akaleta sima na kuku wa kuchemsha. Wajukuu walisimama mlangoni wakiwaangalia wageni wale kwa makini, na mdogo wao akauliza kama kuna ngoma ya matanga. Bwana Hando alikuwa na furaha. Akasema Nyamawi hataingia kwenye picha kwa sababu amekataa vazi, lakini ataendelea kuongoza, kwa sababu yale macho hayana mfano. Nami nikasema, kwa Kiingereza, nikitazama sahani yangu: "Bwana, mwambie ahesabu vidole."

Hakunielewa mara ya kwanza. Nikarudia. Kidogo kidogo uso wake ukabadilika, ukapata ile furaha ya mtu aliyepewa mchezo. Aliinuka, mikunjo ikimtikisika, akaenda akasimama hatua kama nane mbele ya Nyamawi, kwenye jua, akainua mkono. "Ngapi?" Ni katika maneno machache ya Kiswahili aliyoyajua.

Mbeyu alikuwa ameinama na birika, hakuinuka. Nyamawi alimaliza kutafuna, akafuta vidole kwenye kipande cha sima, akasema bila haraka, "Namwona mwanamume aliyevaa hando la mamake. Mengine ya nini?"

Watu wote waliojua Kiswahili wakacheka, hata dereva. Alikuwa ameshinda. Ningenyamaza, angekuwa ameshinda. Bwana Hando akanigeukia. "Amesema nini?" Vidole vyake vilikuwa vinne. Neno moja la Kiingereza, nne, ndilo lililotakiwa, na mimi ndiye niliyelipwa kusema.

"Amesema haoni," nilimwambia.

Bwana Hando akalitangaza kwa wageni, kisha, kwa huruma iliyonichefua hata mimi, akamwendea Nyamawi, akamshika kiwiko, akamwinua akitaka kumkalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha turubai. Nyamawi alikubali kuongozwa hatua tatu. Birika la Mbeyu lilikuwa linamwagika kwenye jamvi na hakuna aliyeliona.

Kesho yake niliongoza mimi. Macho yangu yalikuwa mazuri. Niliona kila kitu na sikujua chochote. Mtu aliyekulia kwenye lami huona mmea unaotambaa wenye maganda ya hudhurungi kama ya maharagwe, akasema, huku pana kivuli, tupite huku. Wakurupushaji wote walisimama. "Huko ni upupu," mmoja alisema. Nilimwambia kiongozi ni nani. Wakatazamana, wakakaa chini, na mimi nikaingia na wazungu wangu wanane katika mstari mzuri, upepo ukitupiga usoni na kuyapukutisha manyoya ya maganda yale moja kwa moja hadi mahali ambapo mababu hawakuweka chochote cha kuzuia.

Asiyewahi kuguswa na upupu afikirie moto wenye miguu. Muuza bima alitupa bunduki. Mwingine alivua kisketi akakitumia kujisugua, jambo baya zaidi analoweza kufanya mtu, kwa kuwa sufu ilikuwa imejaa manyoya. Tulikimbia kuelekea bwawa la ng'ombe, mimi mbele nikiwa kweli kiongozi, Bwana Hando nyuma yangu akilia kwa lugha isiyo ya mababu wa mtu yeyote, tukajitupa kwenye maji ya tope. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walisogeza ndoo zao. "Tazameni," mmoja alisema, "leo mahando yafuliwa na wenyewe wamo ndani." Yule mzee wa suruali alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari, anapangusa machozi. Hata ndege mmoja hakuruka.

Jioni yake, tukiwa tumepakwa majivu ya kupoza mwasho kama watu wa mizimu, Bwana Hando aliniambia niende nikamrudishe Nyamawi. Hata akiwa kipofu, alisema, atashikwa mkono. Asubuhi nilivaa suruali yangu ya safarini, nikachukua mfuko wangu, nikaenda. Sikwenda kumrudisha. Nilikwenda kumpigia magoti, nikiwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Mbeyu alikuwa uwanjani akipepeta mahindi. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Anayejua kwetu anajua maana yake, salamu hiyo kuachwa hewani. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi.

"Nimekuja kumwomba mzee radhi," nilisema kwa sauti ya chini.

"Hatoki nje. Tangu juzi hajavuka kizingiti." Alisema chini chini, ili sauti isifike ndani. "Wewe wadhani ulituletea habari? Twajua mwaka wa tatu huu. Mimi najua, watoto wajua, jirani ajua. Chungu changu hakijahama mahali pake mwaka wa tatu. Jembe halilazwi njiani. Wajukuu nimewafunza wakiingia wataje majina, yeye akadhani ni adabu. Asubuhi alitoka mwenyewe, jioni akarudi mwenyewe, na alipokosea njia palikuwa na mtoto wa mtu anayepita kama kwa bahati akamsalimu. Yeye alituficha, nasi tukamficha kwamba twajua. Tulikuwa tukiishi vizuri."



"Mbeyu," sauti ya Nyamawi ikatoka gizani ndani ya nyumba. "Waongea na nani?"

Mbeyu alinitazama. Alinitazama kwa muda, kuanzia miguuni, kama mtu anayepima kama kitu kinastahili kuokotwa.

"Mpita njia," alijibu. "Ataka maji."

"Basi mpe. Jua ni kali."

Akainuka, akachota kwa kata kwenye mtungi, akanipa bila kunigusa mkono. Niliyanywa nimesimama, yote, na sikusema asante, kwa maana angeijua sauti yangu. Nikamrudishia kata, nikashika njia ya Lunga Lunga, kuelekea mpakani.